Cheni Mpya na Sahani ya Mama

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko? Kifua kimetulia? Wifi yangu na watoto hawajambo? Sisi tunasukuma siku. Mimi mzima, ila mgongo na magoti ndiyo hayo. Ukishinda umesimama unapiga pasi mashuka ya watu, jioni hata jina lako unalisahau.

Nisikuzungushe. Mama ameacha kula, na kosa ni langu. Nakuandikia unisaidie, maana mimi haniamini tena.

Unajua tunavyokwenda zahanati kusafisha kile kidonda chake cha mguu, mara tatu kwa wiki: yeye kwenye keria, mimi kwenye pedali. Mwezi uliopita cheni ikakatika. Nikasema fundi wa nini, kwani mimi sina mikono? Nikanunua mpya, nikapindua baiskeli uani, nikaivisha mwenyewe. Mara ya kwanza gurudumu likakaa upande, likawa linakwaruza fremu. Nikalegeza nati, nikavuta, nikakaza. Ikazunguka kimya. Weee, nilijiona fundi!

Jumatatu tunapanda kilima cha zahanati, kra! Cheni ikaruka, pedali ikakimbia bure, goti langu likagonga usukani, mama nusura aanguke. Mbele kidogo tena, kra! Tukashuka, mimi nasukuma, yeye anachechemea nyuma yangu.

Nyumbani nikaikagua. Nikaitia mafuta, nikaikaza, nikailegeza, nikapapasa pingili moja moja nikitafuta iliyokakamaa. Nikazunguka mtaani peke yangu, haina neno. Jumatano na mama, kra! Ijumaa na mama, kra! Basi kichwa changu kilichochoka kikapiga hesabu yake. Katikati ya kilima, jasho linanitiririka, nikamgeukia: "Mama, tatizo ni wewe. Umezidi uzito."

Nilisema, mdogo wangu. Mama akajitazama, kisha akaendelea kuchechemea.

Alhamisi iliyopita nikanyoosha mikono, nikaipeleka kwa yule fundi tunayemwita Miwani. Hakushika hata spana. Alipitisha kidole kwenye gia ya nyuma, akacheka. "Dada, umevisha cheni mpya kwenye meno yaliyolika. Ukiwa peke yako yanashika. Ukikanyaga kwa nguvu, cheni inayapanda, inaruka." Akanionyesha, meno yote yamechongoka na kulala upande mmoja. Akafunga gia nyingine, na kazi ikaisha kabla sijamaliza kuona aibu.

Jioni ile nikamwomba mama radhi, nikamweleza habari ya meno, nikampakulia. Akala vijiko vitatu, akasukuma sahani, eti ameshiba. Hapo ndipo nikashtuka. Siku zote hizo nilikuwa nakuta sufuria tupu, nikajua amekula. Nikamuuliza jirani: kumbe kila mchana chakula ninachomwachia mama anampelekea yeye. Na muuguzi alishaniuliza kwa nini mama anapungua, akasema kidonda hakitafunga asipokula. Mimi nikadhani ni uzee tu. Uchovu unapofusha, ndugu yangu.

Juzi Ijumaa tulipanda kilima chote bila kushuka. Cheni haikuruka hata mara moja. Nikapiga kigelegele palepale barabarani. Mama akanigusa mgongo, akasema kwa sauti ya mtu aliyeridhika kabisa, "Unaona? Nimepungua."

Sikuweza kugeuka. Nilikanyaga tu.

Nimemweleza mpaka mate yamenikauka. Anasema namfariji. Wewe ndiye kipenzi chake, ukimwambia usiku ni mchana atatafuta mwavuli wa jua. Mwandikie yeye mwenyewe, kwa herufi kubwa asome bila kumwomba mtu. Mwambie gia ilikuwa imekwisha. Mwambie hata ningepakia gunia jepesi kuliko yeye, cheni ingeruka. Na usinifichie, mwambie dada yako alikosea. Tafadhali usingoje mwisho wa mwezi.

Nisalimie wifi, wabusu watoto, na shangazi umwambie namkumbuka. Mola awafunike nyote kwa heri, na mama amwache nasi.

Dada yako akupendaye, hata akiwa hoi.

Nimeacha bahasha wazi niulize kama mama ana salamu. Anasema uwe unakula vizuri.