Chuma cha Vitumbua Kinarudi Bagamoyo

Adeni, bandarini

Kwa mke wangu Mwanahawa, nyumba ya nyuma ya msikiti, Bagamoyo.

Nakuletea salamu ambayo najua hukuitazamia. U hali gani, mke wangu? Kifua kinachokubana wakati wa mvua kimekuacha? Na ukuta wa jikoni, ule uliolalia upande wa banda la kuku, umepata mtu wa kuukandika? Mimi, ukisikia neno hili usianguke, ni hai. Sikufa maji. Kaeni chini nyote mliomo humo ndani, mtu akuletee maji unywe, kisha anayekusomea aendelee.

Mwandiko huu si wangu, maana mimi na kalamu unatujua. Anayeandika ni Mwalimu, Mngazija mmoja anayesomesha watoto wa wapagazi wa makaa hapa bandarini. Mimi natamka, yeye anaandika. Ukikuta neno zuri kupita kiasi ujue ni lake, nimemkataza asitie urembo na hapa ananitazama kwa jicho baya. Na kama huamini kwamba ni mimi, mwambie Khamisi aliyekuletea barua akupe kifurushi alichonacho kwapani. Kifungue. Umeona? Ni chuma chako cha vitumbua, kile cha vishimo saba, chenye ufa pembeni. Najua ulikitafuta nyumba nzima, na najua ulimshuku wifi yako. Kamtake radhi. Nilikitia mimi sandukuni mwangu asubuhi ile ya kusafiri, ulipokuwa kisimani, kwa kuwa nilitaka kuwa na kitu chako kinachonuka jiko letu.

Sasa nikueleze nilivyokuwa nikipika, maana ulinicheka sana niliposema nimepata kazi ya upishi. Ulisema, "Wewe? Wewe ambaye ukichemsha maji yanaungua?" Haya, sikiliza. Jiko la chomboni ni sanduku la mbao lililojaa mchanga, na juu ya mchanga mafiga matatu. Halina ukuta wala paa. Upepo ukigeuka unalikokota upande wa pili, la sivyo moshi unawaingia watu machoni na unatukaniwa wazazi wako waliolala makaburini. Siku ya kwanza nilipika wali kama ulivyonifundisha, nikauosha mchele mara mbili kwa maji matamu. Nahodha Makame alikuja akachungulia pipa, akachungulia chungu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mpishi, humu chomboni umeona kisima?" Nikasema hapana. "Basi unaoshea mchele maji ya nani?"

Tangu hapo nikajua. Mchele unaoshwa kwa maji ya bahari. Wa kupika, unatia kata nne za maji matamu na kata moja ya bahari, chumvi huigusi. Unaufunika, juu ya kifuniko unaweka jiwe, na chungu unakifunga kamba kama mbuzi. Papa mkavu naye unamloweka katika maji ya bahari. Najua unacheka, unasema mume wangu jua limemwingia kichwani, chumvi inatolewa kwa chumvi? Wallahi inatoka, jaribu. Kisha unamchemsha na ukwaju na pilipili, unamimina tui, na watu wanaacha kugombana. Nazi zilipokwisha tulikula kunde kwa samli. Mkate ni unga wa mtama, unaukanda mgumu, unaufukia katika mchanga wa moto chini ya makaa. Ukiiva unaupigapiga mchanga utoke. Hautoki wote. Nilikuwa nawaambia, tafuneni taratibu, huo ndio mchuzi wake.

Walinipenda, Mwanahawa. Sijisifu. Mtu akimaliza zamu yake ananijia pale sandukuni, ananiuliza leo kuna nini, na mimi namfukuza kwa mwiko. Sikupata kupendwa na watu wengi hivyo tangu nizaliwe.

Ila amri moja ilikuwepo, na kila mpishi wa chomboni anaijua: hakukaangwi kitu. Chemsha, choma, fukia, basi. Mafuta ya moto hayawekwi juu ya kitu kinachocheza. Sasa Idi ikatukuta baharini. Tuliuona mwezi, watu wakapeana mikono, kisha kila mmoja akakaa peke yake akitazama upande wa kwao. Nikaingiwa na huruma. Nikamwendea Nahodha nikamwambia, "Nina chuma cha vitumbua cha mke wangu. Niruhusu leo tu." Alinitazama mpaka nikadhani atanitukana. Akasema, "Vya iliki?" Nikasema iliki ninayo. Akatazama bahari, ilikuwa imetulia kama maji ya bakuli. Akasema, "Leo tu."

Nilitwanga mchele niliokuwa nimeuloweka, nikatia sukari, nikauacha uumuke juani. Samli nikaiyeyusha katika sufuria pembeni ya chuma. Vikatoka, mke wangu! Vikavimba, vikawa na rangi ile ile, na harufu ikaenda mpaka kwa mshika usukani, akaacha kuimba. Nahodha alikula viwili akageuka akatazama kwingine ili tusimwone uso. Nilikuwa nimechuchumaa kutia mafungu ya mwisho. Sijui wimbi lile lilitoka wapi. Moja tu, la ubavuni. Sufuria ikaja yote mguuni kwangu, wa kushoto, toka gotini hadi kwenye vidole.

Wakanileta Adeni nikipiga kelele njia nzima. Hapakuwa na mtu aliyenilaumu, walinibeba mabegani kama bwana harusi. Nahodha akanitafutia pa kulala kwa wapagazi wa makaa, akaniachia na chuma chako, akaniambia, "Tutakupitia tukirudi." Wakaenda. Hawakurudi. Chombo kilivunjika mwambani huko mbele, na hakuna aliyetoka. Hata mmoja. Watu wale wote waliokula vitumbua vyako hawapo, mimi niliyeungua ndiye niliyebaki kuwasimulia. Nimejaribu kushukuru. Ulimi unasema alhamdulillahi na moyo unakaa kimya.

Kwa hiyo nyumbani mkanihesabu pamoja nao, nani angejua? Khamisi mwenyewe, mtoto wa jirani yetu niliyemwona akizaliwa, siku hizi anatia makaa katika meli ya moshi, ndiye aliyenikuta. Alikuja kibandani kutafuta maji ya kunywa, akaniona nimejilaza, akaruka nyuma akagonga mlango.

"Audhubillahi! Si tumekusomea hitima wewe?"

"Mliisoma vizuri?" nikamwuliza.

"Tulichinja mbuzi!"

"Mbuzi mzima? Basi niliheshimiwa."

Akacheka, kisha akalia, kisha akaniambia habari zako. Kwamba umo edani kwa ajili yangu. Kwamba umekonda. Kwamba mjomba wako ameshampokea mtu, mjane, mwenye minazi kule Mbegani, na kwamba eda ikiisha watafunga ndoa. Nilimwuliza huyo mtu yukoje. Khamisi hakutaka kusema. Nikambana. Akasema ni mpole, hapigi mtu, na mke wake wa kwanza alipougua alimwuguza mwenyewe kwa mikono yake. Nililia, sikufichi. Kama angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi kwangu.

Utasema, basi njoo, wafanya nini huko? Mke wangu, tulijaribu. Khamisi na wenzake walinibeba mpaka kwenye ngazi ya meli. Mzungu wa dawa akainama, akanusa tambara la mguuni, akatikisa kichwa. Hakuwa na ukali. Alinipa dawa ya unga na akaamuru nirudishwe. Mguu huu umekuwa mweusi, na weusi umeshapanda gotini. Watu hapa wananiambia utapona, inshallah, utapona. Mimi ni mpishi, Mwanahawa. Kitu kikiharibika nakijua kwa harufu. Waganga wa hapa walitaka kuukata, nikakataa kwanza, na sasa waliotaka hawataki tena, wanasema imechelewa.

Nilifikiria kunyamaza. Nilimwambia Khamisi, nenda, usiseme uliniona, mwache aolewe kwa amani. Mwalimu alikuwa ameketi hapa, akasimama kama aliyeumwa na siafu. "Unataka mwanamke yule afunge ndoa juu ya ndoa? Eda ya mtu aliye hai si eda, na ndoa hiyo haisihi. Watoto atakaozaa utawaita nani?" Mimi nilikuwa sijafika huko. Nikamwuliza, nikimwambia kwamba mimi ni hai na nisiseme zaidi? Akasema, "Basi atakungoja." Na hilo ndilo ninaloliogopa. Nakujua. Utauza pete ile moja, utapanda meli na kifua chako hicho, uje Adeni kutafuta kaburi ambalo hakuna atakayejua kukuonyesha. Au utakaa Bagamoyo unangoja habari ambayo hataileta mtu, miaka na miaka, si mke si mjane, ukuta wa jikoni ukikuangukia.

Basi mke wangu, na hii ndiyo mara ya mwisho ninakuita hivyo, sikiliza vizuri, na anayekusomea asiruke neno. Nilimwambia Mwalimu aandike talaka. Akasema, "Nitaandika moja, ili ukipona umrejee." Nikasema andika tatu. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Moja yatosha, bwana, usijifungie mlango." Nikamwambia, wewe humjui yule. Nikiuacha mlango wazi kidogo tu atakaa pale pale mlangoni, atakufa hapo ameketi. Tulibishana mpaka akafuta macho kwa kilemba chake. Ameandika. Mashahidi ni Khamisi na mwenye nyumba hii. Mimi Mbwana nimekuacha, Mwanahawa, talaka tatu, nami ni mzima wa akili, bila hasira, bila kosa lako hata moja. Utalazimika kukaa eda nyingine, unisamehe, ila hii ni fupi kuliko ile. Ikiisha, kubali posa ya yule mtu wa Mbegani. Ni halali yako, na watoto wako watakuwa na jina.

Mama yangu mshikie miguu kwa niaba yangu. Usimwambie habari ya mguu, mwambie naumwa homa, homa anaielewa. Kaka yangu mkubwa mwambie sanduku langu la vyombo vya useremala, lililobaki hapo nyumbani, ni lake. Wifi yako umesikia, kamtake radhi. Mjomba wako namsalimu, sina kinyongo naye, alifanya jambo la mtu mzima. Na mama yako, nimemwuliza Mwalimu kama bado naweza kumwita mkwe. Amesema ukwe wa mama haukatiki kwa talaka. Nimefurahi kusikia kuna kitu kimoja ambacho hakikukatika. Mwambie mkwewe anamwamkia.

Khamisi amesimama mlangoni, meli imeshapiga honi mara mbili. Idi ikija kaanga vitumbua, usikiogope chuma hiki, hakina kosa. Kaangia uani, chini, mahali pasipocheza. Cha kwanza usinitolee sadaka. Ukile wewe, kingali cha moto.

Ni mimi, aliyekuwa mume wako,
Mbwana, mpishi