Ngozi Laini za Wanambuzi

Jumatatu, 3 Machi. Lodwar

Vidonge, chai, kisha ngozi. Boda ameleta furushi la Kakuma kutoka steji. Nimezichambua nikiwa nimekaa. Kusimama siwezi tena. Ngozi za wanambuzi, laini, za kushonea mikoba ya Nairobi. Kila mkoba hubeba maneno yangu: mbuzi huyu alikufa kwa ukame, hakuna aliyemuua. Niliyaandika wakati wa kiangazi kikali. Yalikuwa kweli.

Za leo ni safi upande wa ndani. Mnyama aliyekufa mwenyewe huacha damu katika mishipa ya ngozi. Hawa walichinjwa. Si mara ya kwanza kuona. Nimefunga furushi, tayari kwa Nairobi.

Jumatano, 5 Machi

Achol amekuja. Nilimfundisha kambini Kakuma, binti wa Sudan Kusini, mkaidi tangu utoto. Sasa ni mtetezi wa wanyama. Anazunguka kwa wenye maduka ya mitindo akiwasihi wasiuze ngozi za wanyama walioteswa. Mikoba yetu ndiyo mfano wake mzuri.

Alitaka kunirekodi kwa simu nikieleza ngozi zinavyopatikana. Nikasema pumzi hazitoshi, aje Ijumaa. Uongo. Pumzi zilikuwepo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia Nakiru, kiongozi wa akina mama wanaotuletea ngozi. Nikamuuliza waziwazi kama wanawachinja. Akacheka.

“Mwalimu, mvua imenyesha. Mbuzi hawafi. Unataka tuwaombe wafe?”

Nikasema wale wamezaliwa juzi tu, hata majani hawajaonja.

“Nyama watoto wanakula. Ngozi wewe unapeleka. Leo ndiyo unauliza?” Halafu, polepole: “Usituharibie kazi, mama. Wewe unaenda. Sisi tunabaki.”

Nyanya yangu, mwanambuzi akifa, alikuwa akimtandikia mbuzi mama ngozi ya mwanawe. Mbuzi ainuse, atulie, aachie maziwa. Ngozi ilikuwa ya mama. Mimi msomi nikaona ni mali inayoozea bomani. Nikafundisha akina mama kuitia chumvi na kuiuza. Nakiru anasema mbuzi wao wanalia siku nzima, na maziwa yanakatika. Alisema kama anayeeleza hali ya hewa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Achol yote. Katikati alizima simu ya kurekodia, akaniacha niendelee. Hakulia. Afadhali angelia.

“Jana nilisimama mbele ya wanunuzi wa Nairobi waliofika hapa mjini, mwalimu. Nikaapa kwa jina lako. Mbona hukuniambia juzi?”

Kwa sababu niliogopa kufa nikiitwa mwongo. Sasa mwongo ni yeye, na hajadanganya mtu. Nimemfanyia mtoto huyu ubaya. Aliwasha simu tena, nikarudia yote. Alininywesha maji kabla ya kuondoka.

Jumamosi, 8 Machi

Achol amewaambia wanunuzi ukweli, kwa sauti yangu. Wamesimamisha oda. Mmoja amemfukuza kwa maneno machafu. Nimempigia Nakiru mara nyingi. Hapokei. Kifua kinauma. Sijui nimeokoa nani. Wanambuzi wachache, labda. Akina mama nimewatia njaa kwa mkono uleule uliowalisha.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Mchana simu imelia. Nakiru. Nyuma yake nilisikia mbuzi, na mtu akiwafukuza kwenye maji.

“Umekula?” akauliza.

Nikasema bado.

“Kula, mwalimu.”

Akakata. Nimepasha uji moto. Nimekunywa nusu.