Alteneta ya Trekta la Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji kaanza tena. Trekta la marehemu kaka yake eti liuzwe chuma chakavu! Dainamo imekufa, betri haipati chaji, kila asubuhi majirani wanalisukuma mpaka sasa wakiniona wanabadili njia. Kayasema hayo sebuleni mbele ya Mzee, baba mkwe wangu, mimi nikiwa palepale na sinia la chai. Mzee kaamua: Ijumaa likiwaka bila kusukumwa, linabaki kwa mjane. Lisipowaka, mnunuzi alibebe.

Sawa! Bila trekta shamba langu litalimwa na nini — ulimi wa shemeji?

Dainamo nimeitoa. Natia alteneta, ichaji betri badala yake; jirani kaniachia ile ya gari lake bovu.

Jumanne, 4 Machi

Moshi! Nimefunga betri kama mume wangu alivyofunga miaka yote, waya wa chanya kwenye bodi, chuma chenyewe cha trekta. Ndivyo trekta hili lilivyotoka kiwandani, enzi hizo. Kumbe alteneta inataka waya wa hasi ndio uende kwenye bodi. Sikuwaza hata. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ninavyojikuta bado nampakulia chakula.

Shemeji kacheka mpaka kashika ukuta. Wanawake na umeme wapi na wapi, eti. Nimelia bafuni. Kisha nikanawa uso nikatafuta spana.

Jumatano, 5 Machi

Fundi umeme wa magari kabadilisha diodi, vile vipande vya ndani ya alteneta vilivyoungua, huku akinigombeza kama mama yangu mzazi. Geuza betri, mama! Waya mnene utoke alteneta uende betri. Mwembamba upite kwenye swichi, halafu kwenye taa ya chaji, ndipo uingie alteneta. Nikauliza, kwani taa si pambo tu? Kasema bila taa ile alteneta inalala, haijui kama imeitwa kazini.

Nimefunga mwenyewe. Yeye kaangalia tu, mikono mfukoni.

Alhamisi, 6 Machi

LIMEWAKA! Taa ya chaji nyekundu, nikakanyaga mafuta, taa ikazimika. Inachaji! Simwambii mtu. Waje tu.

Ijumaa, 7 Machi

Naandikia juu ya usukani. Limewaka papo hapo, bila kusukumwa, Mzee akishuhudia. Kapiga makofi, mtu asiyecheka hata harusini!

Shemeji naye kageuza kibao. Lori la mnunuzi liko getini, na trekta zima, anasema, litauzika vizuri zaidi. Nikamtazama Mzee. Anaangalia viatu vyake. Imeniuma sana. Neno ni lake mwenyewe!

Shuka, shemeji, ananiambia. Sishuki ng'o.

Kapanda, kazungusha ufunguo, kauchomoa, kautia mfukoni. Katabasamu. Injini inanguruma vilevile. Hii ni dizeli, baba, haina habari na ufunguo! Kuna kamba ya kuvuta ndiyo izime, na nimeikalia.

Sasa anazunguka trekta, anainama, anapapasa kila waya. Mnunuzi hapakii trekta linalonguruma, anatazama saa. Shemeji anamuuliza Mzee linazimwa wapi. Mzee hajui. Marehemu alimfundisha mtu mmoja tu.