Mluzi wa Baba Neema

Jumatano, nimetoka wodini

Nina hasira na mume wangu, na bado nimemkumbuka mno.

Jumamosi, alipochomwa sindano ya kutibu kidonda cha mguu, alianza kujikuna. Nikamwambia amwite nesi. Akanicheka. "Mama Neema, dawa isiyowasha ni maji tu. Hii inafanya kazi." Nusu ya mtaa wetu inaamini hivyo hivyo.

Kulipokucha midomo imevimba, ngozi ya mikono inabambuka. Dawa ile wameisimamisha. Daktari anasema atapona, ila nisimguse kwanza.

Nisimguse! Leo nimekaa pale na uji wangu uliopoa, mikono mapajani, kama mgeni aliyekuja kutoa pole.

Jioni akitoka gereji kule Kizota, hupiga mluzi tangu kona ya mashine ya kusaga. Nikiusikia tu, nabandika maji ya ugali. Tangu alazwe sijasonga. Nakunywa chai na mkate, basi. Na kama midomo ile haitarudi kama zamani je...

Nilipokuwa naaga, nesi akamuuliza kama bado anawashwa. Akatikisa kichwa, hapana. Nikamkazia macho. Akainama kidogo, halafu akakubali: ndiyo, mgongoni. Afadhali.

Nikiwa mlangoni nikageuka. Alikuwa amekunja midomo yake yenye vidonda, anapuliza. Mluzi haukutoka, ilitoka pumzi tu.

Nimefika nyumbani, nimebandika maji ya ugali.