Watoto Watatu kwa Kiingereza

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Dada Nyangi amefariki. Presha. Jana jioni, hospitalini huko ng'ambo, Kenya. Simu alipokea Kaka Werema. Akaiweka chini, akatoka kuwafungulia ng'ombe ambao walikuwa wameshafunguliwa.

Hapa tu ndipo naweza kuandika. Hakuwa dada yangu. Ndiye aliyenizaa, akiwa kidato cha tatu kama mimi sasa hivi. Mama – yaani bibi – akanichukua, akanilea, na Nyarero nzima, kijiji chetu, inajua mimi ni kitinda mimba wake. Au inajifanya kujua. Baadaye Dada akaolewa Isebania, ng'ambo ya mpaka, na Shemeji Emanueli, ng'ombe wa mahari wakaja, watu wakala. Shemeji hakuambiwa. Mpaka leo.

Mimi niliambiwa na Dada mwenyewe, mwaka juzi, tunachambua mboga. Akasema usije ukaniita mama. Basi. Sijawahi kumwita.

Sijalia. Naogopa nikianza nitalia kupita kiasi cha mdogo wa marehemu.

Jumanne, 5 Agosti

Shemeji ametuma sauti WhatsApp. Wageni wa ofisini kwake wanatoka Nairobi, kwa hiyo wasifu wa marehemu utasomwa Kiingereza. "Si hako kasister ka Nyangi kako form three? Katusomee." Mimi! Mimi ambaye darasani nikiitwa najifanya natafuta kalamu.

Halafu wasifu wenyewe ukaja. Karatasi moja, namba tupu. Nikampelekea Mwalimu Godwin wa Kiingereza wakati wa mapumziko. Akasema pole, akachukua penseli. Mwaka unaukata katikati: 1991 – nineteen, halafu ninety-one. Usisome elfu moja mia tisa kama dalali wa mnadani! 2012 ni twenty twelve. Tarehe inaandikwa 9, inasomwa the ninth. Na namba ndogo, moja hadi tisa, niziandike kwa herufi. "Tarakimu ni za dukani," akasema. "Huyu ni mtu."

Nimenakili upya, kwa herufi. She was the fourth of six children. Chini kabisa: She leaves behind three children.

Nimekaa naiangalia. Kwenye sita nimo. Kwenye watatu simo. Ukweli ni watano kwa Mama na wanne kwa Dada. Jumla ni tisa vilevile! Kwenye jumla hapotei mtu. Ni mimi tu nimehamishwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Three inanishinda. Ulimi kati ya meno, anasema Mwalimu, halafu pumua. Inatoka sri. Six inatoka vizuri kabisa.

Nafanyia mazoezi zizini. Kaka Werema akanikuta huko, akasikiliza mpaka mwisho. Kiingereza hakijui sana ila namba anazijua, kila wiki anavuka mpaka pale Sirari na ndizi za kuuza.

"Boke, watoto umesema wangapi?"

Nikasema three.

"Hiyo hiyo. Ukifungua huo mdomo wako mkubwa, ng'ombe wa watu watarudi Isebania wanatembea wenyewe. Na hao watoto nani atawaleta tena huku kwa bibi yao?"

Mdomo mkubwa – mimi! Hata shikamoo yangu watu huniambia rudia.

Ila hilo la watoto limeingia. Tabitha, Jackson na Elia. Kila likizo wanakuja, wananiita mama mdogo, Elia analala mgongoni kwangu. Nikisema wanne, huenda nisiwaone tena. Nikisema watatu, nitakuwa nimemzika Dada na mimi nikiwa humo humo ndani.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane, shule imefungwa. Mama hajala tangu juzi. Nimesema three mara arobaini. Ikatoka vizuri mara mbili.

Jumamosi, 9 Agosti

Isebania. Naandika nyuma ya programu ya mazishi, nitabandika humu baadaye. Wakiniona watadhani narekebisha wasifu.

Mahema mawili, spika, jeneza mbele. Mwendesha shughuli anachanganya Kikurya, Kiswahili cha huku na Kiingereza. Akamwita firstborn wa marehemu aje awashe mshumaa – na mimi nikanyanyuka! Sijui kwa nini. Nusu tu, nikajifanya navuta sketi. Tabitha akapita mbele yangu, miaka kumi na miwili, na haya haya mashavu yangu. Nyuma yangu mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, huyu mdogo wa marehemu na Tabitha si ni kama mapacha! Damu ni damu, akajibu mwenzake. Kaka Werema akageuka kuniangalia. Nikaangalia viatu.

Sasa hivi Mama amenivuta nyuma ya hema. Hajui kusoma. Akaweka kidole kwenye karatasi, sehemu siyo, juu ya jina la kanisa, akauliza hapa wameandika watoto wangapi.

Watatu, Mama.

Kitenge chake kinanuka moshi wa matanga. Halafu akasema kwa Kikurya, taratibu, kwamba watoto wa mtu hawahesabiwi mbele ya kaburi lake. Wanatajwa majina. Hiyo namba niiache.

Majina mangapi, Mama?

Amepiga magoti kwenye vumbi, ananifunga kamba za viatu – mimi, wa miaka kumi na sita! – na anazizungusha tu, hafungi chochote. Spika imeita mara ya pili, sister wa marehemu, karibu mbele. Watu wanageuka. Na Mama bado ameshika, haniachii mguu.