Nilimwambia Mkwe Wangu Ramani ya Ziwa Imeingia, na Haikuwa Imeingia

Binti yangu Nyakio ako na boti! Ya injini, ya kutembea tu, si ya samaki, iko Naivasha na imeandikwa jina langu ubavuni. Sasa ndio nakusalimu, mpendwa mshauri, naomba msaada na unisamehe haraka yangu, mimi ni mama wa kuuza simiti hapa Kitengela, shule niliachia la saba lakini watoto nimesomesha wote na mtaa unajua. Majina nimebadilisha, boti ni ya ukweli.

Mwezi uliopita Nyakio na bwana yake Katoo, kijana wa Mashuuru mwenye heshima hata machoni huwa haniangalii, walitupeleka ziwani, mimi na mama yake Katoo, Nasieku, ambaye maji mengi aliyozoea ni ya kunywesha ng'ombe. Lile ziwa limepanda likameza mashamba ya watu, nyua zao ziko chini huko hazionekani, kwa hivyo Katoo haendi mahali bila ramani ya kwenye tablet, na watu wa klabu yao ya boti hulipima ziwa upya kila mara wakaweka ramani mpya, mwenye boti anaivuta kwa intaneti bure. Siku hiyo network yake ilikuwa imelala, akaniomba hotspot, akaniachia tablet, akaniambia, "Mama, ikiandika imemaliza, uniambie," akaenda kumvalisha mama yake jaketi ya kuelea.

Na mimi nilitaka kwenda live, akina mama wa kanisa wanione. Ramani inakula bundles zangu, picha yangu inakwama, nikaona ramani ni ramani, ya ploti yangu ni ile ile tangu ninunue na beacon za mpaka hazijawahi kutembea, nikazima hotspot.

Katoo akauliza, "Imeingia?"

"Imeingia kitambo! Twende, ama unaogopa maji kama mama yako?" Wote wakacheka, hata Nasieku.

Tulikuwa tunakimbia vizuri, napungia simu mkono, boti ikapanda nguzo za ua uliozama, Nasieku akarushwa mbele akavunjika mkono. "Yeiyo! Yeiyo!" Katoo akawa anamwita mama yake huku analia. Tulipofika nchi kavu alishika tablet akaiangalia sana, halafu akaniangalia mimi, mara ya kwanza tangu aoe, akasema mbele ya watu, "Ni makosa yangu."

Nikanyamaza. Sasa wajomba zake wanamwita kijana wa kuringa na kitu hajui kuendesha, boti anataka kuuza, Nyakio hamsemeshi, na Jumamosi familia zote mbili zinakutana Mashuuru ili Katoo aombe mama yake msamaha. Nguo ya kuvaa huko nimeshashona. Nikisema ukweli uso nitauweka wapi? Nikinyamaza, hiyo nyama watakayotuchinjia nitaimeza aje?

Mama wa Boti, Kitengela

*

Mama wa Boti,

Pole, lakini pole ya kwanza ni ya Nasieku. Kufikiri ziwa ni kama ploti ningekusamehe, hukufundishwa. Ila ulipoulizwa kama imeingia, ulijua haijaingia. Hapo hakuna cha darasa la saba.

Tena unadhani siri iko na wewe peke yako. Mama, ramani ya tablet huonyesha tarehe yake. Katoo aliisoma, ndiyo maana akakuangalia. Kijana anajua! Amekubali kuitwa mjinga na wajomba zake ili asikuite wewe mwongo, kwa sababu wewe ni mama mkwe. Na wewe unashona nguo.

Basi sikiza. Leo, ukimaliza kusoma hapa, mpigie Katoo simu. Sema ulizima, sema ulidanganya, usiweke "lakini" yoyote. Halafu Nyakio, ndio aache kumnunia bwana yake bure. Boti isiuzwe. Ramani ivutwe nyumbani kwenye network nzuri kabla hamjatoka, kwa bundles zako, na tarehe isomwe kwa sauti kabla injini haijawashwa.

Uso umeuliza utauweka wapi. Uweke mbele ya Nasieku. Ulitaka watu wakuone, watakuwepo. Vaa hiyo nguo, simu iache kwa mfuko, na Katoo akianza kuinuka, akukute umeshasimama. Mashuuru, Jumamosi hii, familia zote mbili.

Shangazi Rachel