Rubani Zargham Awan, Aliyechagua Kazi ya Mwewe

Umetimia mwaka, Zargham, tangu asubuhi ile ya Idi ya Kuchinja ulipotoka nyumbani na kanzu mpya, ukamwambia mkeo Tahmina akuwekee maini, utarudi yakiwa bado ya moto.

Katika kambi ya jeshi la anga kila mtu alijua kwa nini hukai nyumbani hata sikukuu. Zamu yako ya kuacha kurusha ndege ilipofika, kama inavyowafikia marubani wote, ulipewa nafasi ya kuchagua: meza ya ofisi Islamabad, kufundisha marubani wapya, au kuwazuia mwewe wasisogelee ndege. Tahmina alikuwa ameshaulizia shule za Islamabad. Ukachagua mwewe. Mmoja tu akiingia kwenye injini huweza kuangusha ndege, nao hufuata matumbo ya mifugo yanayotupwa ovyo mjini, karibu na uwanja wa ndege.

Wenzako walikucheka. "Afande Kunguru, leo umeangusha wangapi?"

"Wamejisalimisha wote. Wanaomba chai."

Aliyefurahi ni mama yako peke yake. "Hata angechagua kufuga kuku," alisema, "mradi miguu yake iko chini."

Ulikuwa mtu wa watu. Ulikaa kwenye vigoda vya wachinjaji, ukanywa chai yao yenye sukari nyingi mpaka wakakuzoea. Siku moja Mzee Basharat alikuuliza, "Mwanangu, tangu lini chuma kikaogopa manyoya?"

"Njoo nikuonyeshe injini iliyomeza mwewe, mzee wangu. Hutagusa nyama mwezi mzima."

"Nisipogusa nyama nitauza nini? Usiniharibie biashara!"

Lakini matumbo alianza kuyazika, na wenzake wakamfuata. Idi ile ulikwenda kusimamia mashimo yao.

Wake wa marubani wanaijua ile gari inayoleta habari za msiba. Maafisa wakishuka pamoja na daktari, kila mke husimama dirishani aone wanaingia lango la nani. Tahmina alisimama hivyo miaka yote uliyorusha. Ulipoacha, naye akaacha.

Kwa hiyo walipobisha hodi Idi ile, alidhani wamekuja kula sikukuu.

"Karibuni, karibuni! Mwenyewe yuko kwenye mashimo yake, anakuja sasa hivi."

Akawapakulia maini. Afande Junaid, uliyesoma naye, alishika sahani bila kula.

"Shemeji, kaa kwanza."

"Kula wewe kwanza, yanapoa hayo."

"Shemeji, ni Zargham. Moyo wake umesimama. Tumemkuta ameanguka kule mashimoni."

Tahmina akamjibu kwamba haiwezekani, kwa sababu siku hizi hurushi ndege. Alisema vile vile kwa daktari, na kwa majirani walipoingia. Hakulia. Alikusanya sahani, akaziosha, akazifuta, akaziosha tena. Mpaka leo mtu akimpa pole, mara nyingine humjibu hivyo hivyo, kwa sauti ya kawaida tu: alikuwa hata harushi.

Hatuna mengi ya kusema. Watoto wanakwenda shule. Mama anaswali, halafu anabaki amekaa juu ya mswala.

Unakumbukwa na mkeo Tahmina, wanao Hadiya na Shahmir, mama yako Rasheeda, dada yako Uzma na shemeji zako wote, pamoja na Mzee Basharat na wachinjaji wenzake. Maadamu tupo, hutasahaulika kwetu.

Nyumba ya kambi tunairudisha mwisho wa mwezi huu. Tahmina na watoto wanahamia kwa Mama, mjini Chakwal.